Pumzi Kwenye Kioo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imefika. Tangu Desemba vumbi lilikuwa limekaa juu ya kila kitu hapa Shieywe, juu ya mabati, juu ya majani ya migomba, hata juu ya kabati la mama ambalo hakuna aliyelifungua. Leo alasiri limeoshwa lote kabla chai haijachemka. Nilisimama mlangoni nikaitazama Noah ya baba ikiingia uani, taa zimewashwa mchana, baba ametoa mkono dirishani anafuta kioo kwa kitambaa. Alipopita karibu yangu nilisikia harufu ya kitu kilichochacha. Nikajiambia ni lile koti lake la kahawia, limelowa.

Naandika kwa sababu hapa nyumbani maneno hayana pa kwenda. Nina shahada ya ualimu wa fizikia na sina darasa. Baba anabeba watoto wa majirani kwenda shule na kuwarudisha. Mimi, binti yake, napika, nafua, nangoja kuitwa kazini. Tuko wawili tu tangu Desemba, tulipompeleka mama Malinya kumzika.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Harufu ile tena.

Ijumaa, 7 Machi

Baba alipokuwa anaoga nilichukua koti lake kwenye msumari nikaliweka usoni. Busaa, pombe ya nafaka. Si busaa ya kunywa, ni ile harufu ya machicha yaliyoachwa kwenye ndoo siku mbili. Nililirudisha jinsi lilivyokuwa, mkono mmoja nje, mmoja umekunjwa ndani, kama mwizi anayejua kazi yake.

Nilipokuwa kidato cha pili baba alikuwa mlevi. Neno ni hilo, sina lingine. Alikuwa dereva wa trekta la miwa, akaliangusha mtaroni na trela zake, akafutwa. Mama hakupiga kelele. Alimwambia achague, na baba akachagua, na tangu siku hiyo sikumwona tena akiinua kikombe ambacho hakikuwa na chai. Niliwahi kumuuliza mama anajuaje kwamba hanywi huko nje. Alikuwa akichambua mboga ya mrenda. Akasema, "Sijui. Lakini nikianza kumnusa sitaacha."

Mimi leo nimeanza.

Jumatatu, 10 Machi

Mwanamisi amekuja. Ni jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, na binti yake Ayesha, wa miaka saba, ndiye anayekaa kiti cha mbele karibu na baba. Alisimama kizingitini, kanga imelowa mabegani.

"Asalaam aleikum, Mitchel."

"Waaleikum salaam, mama Ayesha. Karibu ndani."

"Siingii, nimeacha maharagwe ya futari jikoni. Nimekuja kukuuliza kitu, na usinichukulie vibaya. Mzee yuko sawa?"

"Yuko sawa. Kwa nini?"

"Ayesha ametapika kwa gari, na si mara ya kwanza. Anasema kichwa kinamuuma, anasema gari inanuka. Nikamuuliza inanuka nini, hajui. Nimemvua sweta nikanusa mwenyewe." Akapunguza sauti ingawa mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hakuna ambaye angemsikia. "Mitchel, mimi nimezaliwa Mumias. Nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na mama wa busaa. Hiyo harufu siwezi kuikosea, na saa hii nimefunga, ndiyo pua inazidi."

Nilimwambia nitaangalia. Akanishika mkono. "Mama yako angekuwepo, ningemwambia yeye. Sasa ni wewe."

Jumanne, 11 Machi

Siwezi kula nikiwa mezani naye. Nahesabu anavyomeza.

Ijumaa, 14 Machi

Baada ya kuwashusha watoto baba hakuingia ndani. Nilimkuta amelala kwenye usukani, madirisha yote yamefungwa, mdomo wazi, kioo cheupe kwa pumzi yake. Nilifungua mlango na ile harufu ikanipiga. Hakuamka mara moja. Nikainama nikapitisha mkono chini ya kiti chake, nikashika chupa.

"Ni maji," akasema bila kufungua macho. "Onja."

"Nilikuja kukuita, chakula kiko tayari."

"Onja kwanza."

Nikaonja. Yalikuwa maji. Akaniangalia kwa muda, macho mekundu, uso umevimba wa mtu aliyelala pabaya.

"Mama yako alikuwa ananitazamanga usoni," akasema. "Wewe unatazamanga chini ya kiti."

Niliingia ndani nikapakua. Nilijiambia kwamba mtu mwenye chupa ya maji chini ya kiti anaweza kuwa na nyingine mahali pengine. Hivi ndivyo akili yangu inavyofanya kazi siku hizi. Kila kitu ni ushahidi, hata maji.

Jumatatu, 17 Machi

Noah imerudi bila kioo cha pembeni cha kushoto, na mlango una mkwaruzo mrefu.

"Nini imetendeka?"

"Nguzo ya stima."

"Wapi?"

"Hapo kona. Kioo cha mbele kilijifunga."

"Kilijifungaje, baba?"

"Kilijifunga tu! Kama mtu amekifunika na blanketi. Nafuta, kinafunga. Nafungua dirisha, watoto wananyeshewa, wazazi wanalalamika wanakohoa. Sikuona nguzo."

"Ulikuwa umesinzia?"

Alipitisha kidole kwenye ule mkwaruzo, na mimi nikaliona hilo kama jibu. "Kidogo," akasema. "Hiyo gari siku hizi inanichosha."

Gari linamchosha. Nguzo ilimjia. Tulisikia maneno hayo hayo wakati wa trekta, mama ameketi kitandani na mimi nyuma ya pazia. Kuna watoto kumi na wawili ndani ya gari hilo kila asubuhi. Wamekabidhiwa mikononi mwake kwa sababu majirani walimwamini mama, na mama alimwamini yeye.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia simu senge Dorothy, dada mkubwa wa baba, kule Malinya. Nilisema, "Senge, nafikiri amerudia." Alivuta hewa, kisha akauliza, "Unafikiri ama unajua?" Nikasema najua.

Jumamosi, 22 Machi

Senge alifika na baba zangu wadogo wawili na ingokho ndani ya kikapu, kama watu waliokuja kutembea tu. Nilimchinja kuku huyo, nikasonga obusuma, ugali wetu, tukala, na muda wote baba alikuwa akinitazama jinsi ninavyokwepa macho yake. Vyombo vilipoondolewa senge akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Ndugu yangu, tumesikia gari imeanza kugonga."

"Imegonga nguzo."

"Na unanuka."

"Nani amesema?"

"Usiulize nani. Unakunywa ama hukunywi?"

"Sikunywi."

Baba mdogo mmoja akacheka kwa pua. Senge akamkata jicho, lakini yeye mwenyewe akasema, "Hata zamani ulikuwa unasema hivyo. Ulisema hivyo ukiwa umelala mtaroni."

"Nani amesema?" baba akauliza tena.

"Mtoto wako. Huyu wa kusoma. Angesema mwingine tungepuuza. Huyu hasemangi kitu hajapima."

Baba hakuniangalia wakati huo. Aliangalia mikono yake, viganja juu, kana kwamba kuna mtu ameweka kitu pale. Nilitaka agombe. Nilitaka apige meza ili niwe na hakika. Alisema tu, "Basi."

Uamuzi ni huu. Shule zinafungwa Ijumaa ya tarehe nne. Mpaka siku hiyo nitapanda gari pamoja naye kila safari. Na kila asubuhi kabla hajagusa ufunguo, atanipumulia usoni na mimi nitamnusa. Nikisikia pombe hata mara moja, ufunguo unakwenda Malinya na hatarudi kwenye usukani tena. Senge alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akifunga kikapu chake.

Hajui kufanya kitu kingine baba. Na tukinyamaza, ni watoto wa watu. Nimelifikiria hili kila upande na kila upande kuna mtu anaumia.

Jumatatu, 24 Machi

Aliinama mbele yangu mlangoni, mtu mzima aliyenibeba mgongoni kwenda chekechea, akafungua mdomo. "Nusa."

Chai na tangawizi.

Ayesha nimempakata, kwa kuwa nimekaa kiti chake. Mvua ilianza tukiwa hatujatoka Shieywe. Watoto waliingia wamelowa, masweta yanafuka, madirisha yamefungwa. Baba amezungusha kile kitufe cha hewa kwenye picha ya miguu ili viatu vyao vikauke, feni iko juu kabisa inalia, lakini ukiweka mkono hakuna kinachotoka isipokuwa joto dogo lenye unyevu. Kioo cha mbele kikaanza kuwa cheupe kutoka pembeni. Baba akafuta. Nilikuwa namtazama yeye, mikono, macho, anavyobadilisha gia. Sikuwa natazama kioo.

Harufu ipo. Asubuhi mdomoni haikuwepo. Ndani ya gari ipo.

Jumanne, 25 Machi

"Nusa." Chai. Kichwa kimeniuma mchana kutwa. Nafikiri ni wasiwasi.

Jumatano, 26 Machi

Naandika usiku huu huu, kwa maana nikingoja kesho nitaipanga vizuri kuliko ilivyokuwa.

Asubuhi alinuka chai na mkate. Hilo naliweka kwanza.

Jioni, tukiwarudisha watoto, mvua ilikuwa kubwa kuliko zote za mwezi huu. Barabara ya Mumias ilikuwa mto wa matope mekundu. Watoto walikuwa wamenyamaza, jambo ambalo si la kawaida kwao. Niligeuka nikawaona vichwa vyao vyote vimelala upande mmoja, midomo wazi. Nilifikiri wamechoka. Kisha mimi mwenyewe kope zikawa nzito. Nakumbuka nikiliona hilo, nikishangaa jinsi usingizi ulivyo mtamu na kichwa kinauma, na nakumbuka nikisema moyoni, mbona mimi sijanywa kitu. Wazo likapita. Sikulishika.

Baba alikuwa anafuta kioo kwa kiganja. Alifuta, kikafunga. Akafuta tena. Kwenye ule upenyo mdogo aliofuta ikatokea miwa, ukuta mzima wa miwa katikati ya barabara. Trela la miwa lilikuwa limekwama pale, halina taa, halina hata tawi nyuma la kuonya watu.

Alikanyaga breki. Gari likateleza kwa upande, likaenda, likaenda, likasimama. Mabua ya miwa yalikuwa yamegusa boneti. Ayesha alitoka mikononi mwangu akapiga mdomo kwenye dashibodi. Damu ikamwagika kwenye sare yake na watoto wote wakaamka wakilia kwa mara moja.

Watu wakaja mbio, wa bodaboda na wapakiaji wa miwa. Mmoja alifungua mlango wa nyuma, akarudisha kichwa nje haraka.

"Ai! Hii gari ni kilabu!"

"Mzee amekunywa!"

"Nusa, nusa mwenyewe! Na amebeba watoto!"

"Toka nje, mzee. Toka!"

Walimtoa baba kwa kola ya lile koti. Hakupigana nao. Alisimama kwenye mvua akisema, "Angalieni watoto kwanza. Angalieni huyo mdogo." Mwanamke mmoja aliyefunika kichwa kwa gunia akaja upande wangu. Mimi nilikuwa nimemshika Ayesha, leso yangu mdomoni mwake.

"Wewe dada, huyu ni nani yako?"

"Ni baba yangu."

Wote wakanigeukia. Hata yule aliyeshika kola.

"Basi wewe sema. Amelewa ama hajalewa?"

Nilijua alivyonuka asubuhi. Nilikuwa naye siku nzima, hata mchana alipokula alikula mbele yangu. Na ile harufu ilikuwa imetuzunguka hapo hapo, kila mtu anaisikia. Nikafanya nilivyofundishwa kufanya wakati vipimo viwili vinapingana.

"Sijui," nikasema.

Baba aliniangalia. Nimewahi kumwona akiangalia jeneza la mama, na hakuangalia hivyo.

Kilichomwokoa ni kwamba dereva wa trekta alitokea kichakani na wakamgeukia yeye, kwa nini hana taa. Mwanamisi alipigiwa simu akaja kwa boda, akamchukua Ayesha mikononi mwangu bila salamu. Mdomo umepasuka ndani na jino la mbele, lililokuwa likilegea, limetoka. Watoto wengine wazima. Baba aliliendesha gari mpaka nyumbani madirisha yote wazi, mvua ikitupiga usoni.

Nilipofika chumbani nilivua sweta langu, na likapita usoni.

Busaa.

Nililinusa tena. Kifuani, mikononi, mgongoni ambako hakuna mtu aliyenigusa. Sweta langu, nililolifua Jumapili kwa mikono yangu. Nilikaa kitandani nalo mapajani. Mwanamisi alimvua Ayesha sweta. Alinusa sweta la mtoto! Aliniambia hapo mlangoni, tarehe kumi, na mimi, huyu wa kusoma, huyu asiyesema kitu hajapima, sikuuliza mtoto wa miaka saba ananukaje busaa.

Alhamisi, 27 Machi

Baba hakutoka chumbani. Wazazi wamewapeleka watoto kwa boda. Nilichukua ufunguo msumarini.

Niliketi ndani ya gari, milango imefungwa, injini inanguruma, feni juu kabisa. Nilichana ukanda wa karatasi nyepesi nikaushika mbele ya kila tundu la hewa. Nilipoelekeza usoni, ukatikisika kidogo. Miguuni, hivyo hivyo. Kwenye kioo, ukaning'inia kama kitu kilichokufa. Kisha nikabonyeza kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Taa yake ikawaka. Nikabonyeza, ikazima. Ikawaka, ikazima. Sauti ya feni haikubadilika hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa yote kwa pamoja, mpaka nikaona aibu jinsi ilivyo rahisi. Hewa ya gari inaingilia chini ya waipa, kwenye ule wavu wa plastiki ulio mbele ya kioo. Ndani kuna kimlango. Kikifunguka, feni inavuta hewa ya nje, inaipitisha kwenye joto au baridi, halafu vimlango vingine vinaigawa, usoni, miguuni, kiooni, na hewa iliyotumika inatokea nyuma. Kikifungwa, feni inavuta ile ile ya ndani, inaizungusha, tena na tena. Taa ya kitufe inakuambia umeagiza nini. Haikuambii kama kimlango kimetii.

Chetu hakikuwa kinatii. Watu kumi na wanne tulikuwa tunavuta pumzi za wenzetu, zile zile. Zinatia usingizi, zinaumiza kichwa, na unyevu wake, pamoja na wa masweta, hauna pa kwenda isipokuwa kwenye kioo.

Lakini harufu? Nilifungua skrubu za kile kisanduku cha mbele ya abiria kwa kisu cha jikoni, nikakivuta. Nyuma yake kuna chujio la hewa. Lilitoka zito, jeusi, linachuruzika. Juu yake kulikuwa na tope la majani, yamelowa, yamechacha, yana joto la kitu kinachooza. Machicha kabisa. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Vikonyo vya majani vilikuwa vimejibana kwenye bawaba ya kimlango, vimekikaza. Nilitoa konzi baada ya konzi nikaziweka kwenye beseni la kufulia. Mengine hayakuwa yameoza na niliyatambua. Ni majani ya mti wa lusiola.

Katikati yake kulikuwa na kipande cha utepe mwekundu.

Magari yote tuliyomsindikiza nayo mama yalifungwa matawi mbele na utepe mwekundu. Matawi ya Noah yalikatwa kwenye ua alioupanda mama mwenyewe, yakafungwa juu ya boneti mpaka kwenye waipa. Wengine waliyatoa siku ile ile, baada ya maziko. Baba aliendesha nayo mpaka yakakauka. Nakumbuka majirani wakinong'ona Januari. Kisha siku moja hayakuwepo, na sikuuliza yalikwenda wapi. Ule wavu umevunjika pembeni, tundu la kutosha ngumi. Yalisagika yakaanguka ndani humo, yakakaa makavu, hayana harufu, yakingoja mvua.

Ijumaa, 28 Machi

Niliweka beseni mbele yake asubuhi. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, hajanyoa. Nilieleza, nilieleza sana, kama ninayefundisha darasa. Hakunikatiza. Alichukua utepe akaufuta tope kwa kidole gumba.

"Haya ni ya siku ile ya Malinya," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nilishindwa kuyatoa. Nilisema yatatoka yenyewe."

"Yalitoka. Yaliingia ndani."

Akakunja utepe akautia mfukoni mwa koti. Nilingoja. Nilidhani atalia, au atacheka, au mimi nitalia.

"Kwa hivyo hukuwa umelewa," nikasema, kwa sababu ilibidi mtu aseme.

"Hiyo nilikuwa najua. Sikuhitaji beseni iniambie." Alisimama, akashika kizingiti. "Wewe ndiye ulisema hujui."

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda Malinya peke yangu. Nilimwomba senge awaite baba wadogo wale wale, nikasema mbele yao, nimesimama, kwamba nilikosea na kwamba ndugu yao hajagusa pombe. Baba mdogo yule wa kucheka aliuliza mara tatu jinsi majani yanavyoweza kunuka busaa, nikamtolea mfuko wa plastiki anuse. Akanusa, akaurudisha haraka.

Senge alinisindikiza mpaka barabarani.

"Umesema mara mbili," akaniambia. "Ile ya kwanza tuliisikia haraka. Hii watu wataisikia polepole. Utairudia sana, mtoto wangu."

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Kila mwaka pilau ya Mwanamisi hufika hapa kabla ya saa saba. Leo haikufika. Nilivuka barabara mwenyewe. Uani kwake kulikuwa na wageni, watoto wa dada zake kutoka Mumias, nguo mpya, hina mikononi. Ayesha aliniona akanionyesha pengo lake kwa fahari.

"Umekuja kula ama umekuja kuomba msamaha?" Mwanamisi akauliza, mwiko mkononi.

"Nimekuja kuwaazima watoto."

"Subhanallah."

"Dakika chache tu. Gari halitasogea. Na wewe uje."

"Huyu amekuja kunifundisha fizikia siku ya Idd," akawaambia dada zake. Lakini alivua aproni.

Niliwajaza kwenye Noah, wote na viatu vyao vipya, nikafunga madirisha, nikawasha injini, nikabonyeza kitufe hewa izunguke ndani. Kumenyesha asubuhi, kuna baridi. "Pumueni!" nikawaambia, na hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Wakapumua kama ng'ombe wa mashindano. Kioo kikafunga, cheupe, pembeni mpaka katikati, ukuta wa nyumba ukapotea.

"Hivi ndivyo alivyokuwa anaona," nikasema.

Mwanamisi aligusa ule weupe kwa kidole. Nikabonyeza kitufe. Sauti ya feni ikabadilika, ikawa pana. Nikazungusha hewa kwenye picha ya kioo. Ukungu ukaanza kurudi nyuma kutoka chini, taratibu, ukatoka ukuta, ukatoka mgomba, na nyuma ya mgomba akatoka baba, amesimama na koti lake, anatutazama.

Mwanamisi alishuka, akajifunga kanga vizuri. "Mzee, nisamehe."

"Si wewe uliyesema," baba akamjibu.

Pilau imeletwa jioni. Baba amekula. Hakuniambia nile, hakuniambia nisile.

Jumanne, 1 Aprili

Nilikuwa naosha vikombe alipokuja akasimama mbele yangu, akainama, akafungua mdomo.

"Nusa."

"Baba, hiyo imeisha."

"Nusa."

Nikanusa. Chai. Akachukua ufunguo akatoka; Mwanamisi amewaeleza wazazi wengine, na watoto walikuwa wanangoja.

Jumatano, 2 Aprili

"Nusa." Chai na tangawizi. Mvua kubwa, kioo safi njia nzima. Watoto waliimba mpaka shuleni.

Alhamisi, 3 Aprili

"Nusa." Nililia nikimnusa. Alingoja nimalize, akiwa bado ameinama, kisha akaenda zake.

Mama alijua. Siku ile ya mrenda hakuwa akizungumzia pombe, alikuwa akizungumzia kunusa.

Ijumaa, 4 Aprili

Siku ya kufunga shule. Mvua tangu alfajiri. Nilisimama mlangoni mapema, mikono mgongoni, namngoja, kwa sababu nimeamua kwamba akitaka ninuse mpaka nizeeke nitanusa.

Alitoka chumbani amenyoa. Alipita. Alichukua ufunguo msumarini, akapita tena, akaingia garini, akafungua mlango wa abiria kwa ndani. Nikaenda mbio kwenye mvua nikaketi.

Hakuwasha gari mara moja. Aliuegemea usukani mpaka uso wake ukakaribia kioo, akafungua mdomo, akapumua. Haaa. Doa jeupe likaota pale, kubwa kama sahani. Halafu akaniangalia, mara ya kwanza tangu barabara ya Mumias.

Nikajisogeza, nikapumua na mimi, hapo karibu. Doa langu likagusana na lake.

Akawasha injini. Akabonyeza kitufe, akazungusha hewa kiooni, akaondoa mkono. Tukakaa tukitazama, mpaka geti likaonekana, na ng'ambo ya geti Ayesha na begi lake chini ya mwavuli wa mama yake.